Nilivyomshitaki Bwana Nusukaputi

Sikutaka kuandika habari hizi, na hilo lijulikane tangu mwanzo. Metroni alinitumia mtu mara mbili. Mara ya tatu akaja mwenyewe mpaka kwangu, akakaa kwenye kigoda changu, akasema hospitali inatengeneza kitabu kidogo cha watumishi wanaostaafu, na habari za Bwana Nusukaputi anataka niziandike mimi. Nikamuuliza kwa nini mimi, madaktari wote wale wamekatika mikono? Akacheka, akasema ni kwa sababu nimefanya naye kazi miaka mingi. Sikuamini. Mtu akikuchekea namna ile ujue kuna neno amelificha nyuma ya meno. Nadhani alitaka maneno matamu, mzee wa watu aage kwa makofi, na yale mengine yafunikwe. Basi mimi sifuniki. Akataka kuniletea karani, mimi niseme yeye aandike. Nikakataa. Hao wakishika kalamu hutia chumvi, na chumvi ya mwenzangu siili. Naandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, na anayeona zimepinda aazime macho mengine.

Nitasema wazi: yule bwana alikaribia kufukuzwa kazi, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Nilikuwa muosha vyombo wa chumba cha upasuaji. Sisemi vikombe na sahani. Nasema mikasi, makoleo, mabakuli ya chuma na mipira. Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa chumba cha kuzindukia, pale wagonjwa wanapoletwa wakitoka kupasuliwa, bado wamelala usingizi wa dawa. Kati yetu palikuwa na dirisha dogo la kupitishia vyombo, lenye mlango wa bati wa kuteleza. Wao kwa dirisha lile waliona mikono yangu tu. Mimi niliona kila kitu.

Katika vyombo vyangu kulikuwa na kidude kimoja cha plastiki, kimepinda kama kidole cha mtu anayekuita kwa siri. Kina tundu toka mwanzo hadi mwisho, na upande mmoja kina ukingo bapa unaokaa kwenye midomo kisitumbukie. Mtu aliyepewa nusukaputi hulegea mwili mzima, na ulimi nao hulegea, ukaangukia nyuma ukaziba njia ya hewa kama tambara lililoziba tundu la karo. Kidude kile kinaingizwa mdomoni, kinaushikilia ulimi usirudi nyuma, na hewa inapita. Kina jina lake refu la vitabuni. Sisi tulikiita kidude cha koo.

Ukubwa wake ni mbalimbali. Sista mzee aliyenifundisha kazi alinipa trei yenye vyumba vitatu. Vya kijani kwa akina mama wembamba, vya njano kwa wenye miili na wanaume wa kawaida, vyekundu kwa mibaba yenye mataya. Kila kimoja kilikuwa na tarakimu moja kwenye ukingo, mbili, tatu au nne, na namba hizo nilizijua kwa sura kama unavyomjua jirani. Lakini sikuwa na haja nazo, rangi ilitosha. Miaka kumi na saba hakuna aliyewahi kunirudishia trei. Wakaniita Mama Trei, na jina hilo nililivaa kama kilemba.

Ndipo akaja yeye. Kazi yake ilikuwa kuwalaza watu kwa dawa na kuwaamsha, ndiyo tukamwita Bwana Nusukaputi. Mwenyewe naye alikuwa kama ameinusa ile dawa yake: anatembea bila kishindo, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Alikuja kazini kwa baiskeli, suruali ameibana kwa kibanio cha kuanikia nguo, na mara nyingine alisahau kukitoa, akapita nacho wodini kutwa nzima na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mke wake alikuwa mwalimu mji mwingine. Chakula chake mayai mawili ya kuchemsha, kila siku, na anakula amesimama. Mtu anayekula amesimama mimi simwamini. Anawahi wapi?

Nikaanza kumwangalia. La kwanza nililoliona, hakutumia kidude mpaka akipime. Anakiweka shavuni kwa mgonjwa, ukingo kwenye pembe ya mdomo, anatazama kama ncha inafika kwenye pembe ya taya, chini ya sikio. Kuna siku anapima changu, anakirudisha kwenye trei, halafu anatia mkono kwenye koti lake anatoa kingine kwenye kifuko. Hebu fikiri. Mimi nimesugua, nimeloweka kwenye dawa, nimesuuza, nimekausha, halafu mtu ananiletea cha mfukoni! La pili, mgonjwa akiwa bado hajitambui, yeye anamwinamia sikioni anamnong'oneza. Anamwambia nini mtu asiyesikia?

Baba Mashuka, aliyekuwa akipita na toroli kukusanya mashuka machafu, ndiye aliyekoleza moto. Alisema mtu aliyelala na dawa ukimuuliza jambo hujibu bila kujijua, na huyu bwana sasa lazima anajua siri za mji mzima.

"Siku nikipasuliwa mimi," akasema, "unizibe masikio kwa pamba, Mama Trei. Mke wangu anafanya kazi wodi ya pili, hapa ni karibu mno."

Nikamwambia siri zake hazihitaji nusukaputi, anazisema mwenyewe akipewa chai.

Lakini la tatu lilininyima raha kabisa. Vidude vilianza kupungua. Maboksi mapya yalikuwa yameletwa, nami nikavimwaga, kila rangi kwenye chumba chake cha trei. Jioni naacha vya kijani kumi, asubuhi nakuta saba. Wiki inayofuata naongeza, vinapungua tena. Siku ya kwanza nilidhani nimekosea kuhesabu. Siku ya tatu nikaacha kuhesabu vidude, nikaanza kumhesabu yeye.

Jioni moja wenzangu walipoondoka nilibaki. Nilijibanza nyuma ya toroli la mashuka, magoti yakinilalamikia, nikachungulia. Bwana Nusukaputi akaja na viatu vyake visivyo na sauti. Akavuta trei yangu, akachambua, akatoa vya kijani vitatu, kimoja kimoja akikigeuza kwenye mwanga. Akavitia kwenye kifuko, akafungua kabati la ukutani ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye, akavifungia humo. Kisha akaipanga trei yangu vizuri, akaifuta hata ukingo, kama mwizi anayefuta nyayo. Nikasema moyoni, leo nimekushika shati.

Asubuhi nikaenda kwa metroni wa wakati ule. Siyo huyu wa sasa, huyu alikuwa bado muuguzi wa wodi ya watoto. Nikaeleza yote, karani akaandika, akanisogezea karatasi niweke sahihi. Nikasema miwani nimeisahau nyumbani. Miwani sijawahi kuwa nayo. Siku niliyoandikishwa kazi niliulizwa kama najua kusoma, nikasema najua, maana chumba cha vyombo hawakuwa wakimweka asiyejua. Nikaweka kidole gumba.

Akapewa barua ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, na akishindwa anaondolewa kazini. Tena akakatazwa kubeba kidude chochote mfukoni mpaka shauri liishe. Niliona akiisoma ile barua karibu na dirisha langu. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaniambia shikamoo Mama kama kawaida. Nikaitikia shingo upande. Hakujieleza. Siku ya pili kimya, ya tatu kimya. Mtu aliyesingiziwa, nilijisemea, angekuwa ameshatikisa kuta. Kimya kile kwangu kilikuwa ushahidi wa pili.

Siku ya tano aliletwa mdogo wangu.

Huyu ni wa mwisho kwetu. Mama yetu alifariki yeye hajaota meno, nikambeba mgongoni mimi, kwa hiyo ananiita dada lakini ni mwanangu. Alikuwa na uvimbe tumboni, ikaamuliwa utolewe asubuhi ile. Na wa kulaza watu siku hiyo alikuwa mmoja tu. Nilikwenda kwa metroni nikasema mtu yule asimguse. Akaniambia basi nimtafute mwingine nimlete kwa mkono wangu.

Nikamfuata mwenyewe koridoni. Nikamwambia, "Bwana, aliye pale ni damu yangu. Leo utatumia vya trei yangu, na trei haitoki kwangu. Ukitaka kidude, nitakupa kimoja kimoja kwa mkono huu."

Akanitazama. Akapapasa mfuko wa koti lake, mtupu.

"Sawa, Mama," akasema.

Operesheni ilikwenda vizuri. Nilimwona akiletwa kwa machela ya magurudumu, uso umetulia, yale mataya marefu ya baba yetu yakielekea dari. Ule mrija wa hewa wa wakati wa kupasuliwa ulikuwa umeshatolewa. Muuguzi alikuwepo, lakini hazikupita dakika nyingi akaitwa chumba cha upasuaji, mgonjwa mwingine anatoka damu, akakimbia. Tukabaki watatu: yeye, mdogo wangu, na mimi dirishani nimekumbatia trei kama mtoto.

Mdogo wangu akaanza kukoroma. Nikafurahi, nikidhani mtu akikoroma si yuko hai? Bwana Nusukaputi hakufurahi. Alinyoosha mkono bila kugeuka. Nikampa cha njano, maana mdogo wangu ana mwili. Akakipima shavuni, akatikisa kichwa.

"Hiki kifupi. Kitausukuma ulimi nyuma zaidi. Nipe cha themanini."

Nikampa cha njano kingine. Akakirudisha. Kukoroma kukakatika ghafla, na hapo niliona jambo ambalo sijalisahau: tumbo linapanda, kifua kinashuka, kama vitu viwili vinavyogombana, na hewa haiingii wala haitoki. Akaacha kila kitu. Akaweka vidole vyake nyuma ya mataya yale, akayavuta kuelekea mbele, na pumzi ikapita, nyembamba kama mluzi. Sasa mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Akiachia, kimya kinarudi.

"Cha themanini, Mama. Kimeandikwa kwenye ukingo."

Nikakigeuza. Zile alama za kwenye vidude vipya niliwahi kuziona, zimeandamana mbili mbili na kwingine tatu tatu, nikadhani ni chapa ya kiwanda. Namba zangu nilizozijua, mbili, tatu, nne, hazikuwepo. Nikageuza cha pili, cha tatu. Vidude vingine vikaanguka karoni.

"Miwani yangu," nikaanza.

"Acha miwani," akasema, kwa sauti ileile ya kuogopa kumwamsha mtu. "Nawa mikono, ingia na trei."

Nikaingia na aproni yangu na buti zangu za mpira. Akaniambia nisitazame rangi, nishike chochote niweke ukingo kwenye pembe ya mdomo. Nikaweka.

"Ncha imefika wapi?"

"Haijafika pembe ya taya."

"Weka kando. Kingine."

Kingine kikapita, kikafika shingoni. Akasema hicho nacho kinaziba. Cha nne kilikuwa chekundu, na mkono wangu ulikataa kukichukua, maana vyekundu miaka yote nilivipanga kwa ajili ya mibaba. Nikakiweka shavuni kwa mdogo wangu. Kikatua pale pale.

"Kimefika," nikasema.

"Nipe."

Aliachia taya, akakiingiza kimepinduliwa, ncha ikitazama juu, kilipofika ndani akakizungusha kikakaa. Ilikuwa kama kufungua komeo. Akauchukua mkono wangu, bado umelowa, akauweka mbele ya kile kitundu. Hewa ikanipiga kiganjani. Ikarudi. Ikanipiga tena. Nimeshika vitu vingi katika maisha yangu, lakini nilisimama pale na kiganja wazi kama ombaomba, sikutaka kuuondoa.

Baadaye mdogo wangu akaanza kumeza, koo likajikunja, akataka kutapika. Nikamrukia Bwana Nusukaputi mkono, nikasema anamkaba. Yeye tayari alikuwa anakitoa.

"Simkabi. Anayekikataa anaamka," akasema. Akainama sikioni kwa mgonjwa, na safari hii nilikuwa karibu nikasikia siri yenyewe: "Operesheni imekwisha. Dada yako yuko hapa. Vuta pumzi."

Muuguzi aliporudi, nilimvuta yule bwana mpaka chumbani kwangu nikafunga mlango wa bati. Nikamuuliza vidude vya kijani anavipeleka wapi. Akafungua lile kabati. Vilikuwemo vyote, hata kimoja hakikupotea. Akanieleza kwamba maboksi mapya ni ya kiwanda kingine, hawafuati rangi zetu, na ukubwa wanauandika kwa milimita. Kijani chao ni cha mtoto. Njano chao ni kifupi kuliko njano chetu, na cha themanini kwao ni chekundu. Kila jioni alikuwa anavitoa vya watoto kwenye trei ya watu wazima, na mfukoni anaweka akiba ya vile vya saizi sahihi.

"Ulijua kwamba sisomi?" nikamuuliza.

"Tangu maboksi yalipofika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekuondoa. Trei yako ni safi kuliko zote nilizofanyia kazi."

Ninyi mlitaka hapo nilie, nimshukuru. Sikulia. Nilimwambia kwamba heshima yake hiyo ingemzika mdogo wangu, na kwamba mtu mzima haendi nyuma ya mgongo wa mwenzake kumpangia vyombo, anamwambia usoni. Akainama, akakitoa kibanio cha nguo kilichokuwa bado kwenye suruali.

"Kweli, Mama. Hapo nimekosa," akasema.

Na mimi je? Mimi ndiye niliyemwondolea akiba yake mfukoni. Hilo sikulisema siku ile. Nalisema leo.

Kuanzia kesho yake alinifundisha. Tulitumia meza ya chuma, kidole kilicholowa maji, anaandika hamsini, sitini, sabini, mimi nanakili kabla hayajakauka. Hapo ndipo nikayajua mambo yake mengine, maana akifundisha alikuwa anaongea. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwao ilikuwa mwiko kukata kitambaa kwa namba aliyoileta mteja. Mtu anapimwa upya kila anapokuja, hata kama alikuja jana. Kazi hii ya usingizi aliingia kwa kuwa alikuwa mwoga wa damu, na mtu wa usingizi anakaa upande wa kichwani. Nilicheka siku hiyo mpaka muuguzi akagonga bati. Mayai anakula amesimama kwa sababu akikaa tu anasinzia. Sikuamini hili la mayai, na mpaka leo nina mashaka nalo.

Trei niliipanga upya kwa namba, kila kidude nakipima kwa kingine kabla ya kukilaza. Baadaye nikajiunga na kisomo cha watu wazima, ndiyo mnaona naandika.

Lakini lile shauri. Siku ya saba ilipofika nilikwenda kwa metroni nikasema nafuta maneno yangu. Akasema sawa, ila lazima nieleze kwa maandishi kwa nini nafuta. Kueleza kwa nini ni kusema kwamba sijui kusoma, na kwamba nilidanganya nilipoandikishwa. Nilisimama pale, ulimi umenilalia nyuma ya koo bila nusukaputi yoyote. Nikasema basi, nimeghairi. Nikatoka.

Yeye hakujieleza. Kwa kuwa vidude vilikuwa kabatini na hakuna kilichotoka nje ya hospitali, hawakumfukuza, wakampa barua ya onyo la kuficha vifaa. Mara mbili baada ya hapo nafasi ya mkuu wa chumba ilipatikana, na mara mbili walifungua faili, wakaona onyo, wakampa mwingine, mmoja wao akiwa mtu aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Nilimwona akimpa mkono wa hongera. Wafagiaji walikuwa wakimwita Bwana Kabati akiwa amepita. Nami nilisikia, nikaendelea kusugua. Miaka tisa nilisugua. Hakuwahi kuniambia neno, na ningependa angeniambia, maana ugomvi naujua, kimya chake ndicho sikukiweza.

Sasa metroni, wewe uliyekaa kwenye kigoda changu, nilikuuliza kwa nini mimi, ukacheka. Pengine ulishaisoma ile karatasi ukataka kuona kama nitaisema. Nimeisema. Mimi nimeshastaafu, hamna kazi ya kunifukuza. Bwana Nusukaputi anaondoka mwisho wa mwezi huu, na faili lake bado lina kidole gumba changu ndani.

Fungua lile kabati la chuma la ofisini. Toa karatasi yangu, toa na barua ya onyo, weka kurasa hizi mahali pake, na uandike kwa mkono wako na muhuri juu yake kwamba mtu huyu hakuficha kitu. Usiniambie faili limepelekwa makao makuu, lifuate. Jumatatu saa nne asubuhi nakuja. Chai sitaki, kiti sitaki. Nataka yeye awe amesimama hapo, na uisome barua hiyo mbele yake kwa sauti, mimi nikifuata kila mstari kwa kidole. Ukiruka neno nitajua.